Wembe wa Mjerumani, Mfuko wa Mswahili

Mwenye kidevu laini hawezi kuelewa ninachopitia, na wala simlaumu. Ndevu zangu zinaota zikijikunja. Ukizinyoa kwa vile viwembe vya plastiki vya kutupa, zinarudi ndani ya ngozi kwa hasira, na asubuhi yake shingo nzima vipele. Viwembe vyenyewe siku ya kwanza vinanyoa. Siku ya pili vinang'oa. Siku ya tatu unajikuta unatubu dhambi ambazo hata hujazifanya. Halafu unarudi kwa Mangi kununua vingine, maana ndiyo biashara yenyewe ilivyo: wewe ununue makali mapya hadi siku ya kuzikwa. King C. Gillette, yule Mmarekani aliyepata hataza ya wembe wa kubadilisha makali mwaka 1904, hakuwa mjinga hata kidogo.

Ndipo nikasema potelea mbali, natafuta wembe wa kukunja. Ule wa wazee, chuma kitupu na mpini wake, ukiutunza unarithiwa na mjukuu. Mama watoto akaniangalia kuanzia juu mpaka chini. "Mtoto akililia wembe..." akasema, akaishia hapo hapo. Nusu ya pili ya methali ameiweka akiba, anasubiri siku ya damu.

Kinyozi wangu naye hakunisaidia. "Mzee wangu, wa nini tena ule?" Akanionyesha chake: kishikio cha chuma, unavunja wembe wa dukani katikati, nusu unaichomeka, mteja akiondoka unaitupa. Kwa kinyozi ni sawa kabisa. Tangu tuujue ukimwi, kila kichwa na wembe wake, na atakayekunyoa na wembe wa mwenzio mkimbie. Lakini mimi shingo hii ni yangu peke yangu, simnyoi mtu.

Nikauliza bei. Wembe mpya wa kukunja wa Solingen, mji wa visu na nyembe kule Ujerumani, unazidi euro 100. Nikaipiga hesabu kwa shilingi, nikazima simu. Kwa hela hiyo mimi naezeka choo na chenji inabaki.

Kariakoo sasa. Kijana ana meza ya mashine za kunyolea, mikasi na vitana, ananiona naangalia angalia. "Bosi, karibu. Hii hapa Mjerumani orijino, siyo Mchina." Mpini unang'aa, umechorwa joka. Nikavaa miwani, nikasoma kwenye chuma: SOLINGER. Nikamwambia mwanangu, mji unaitwa Solingen, mwishoni kuna N. Hakutetereka. "Hiyo ya N ni toleo la zamani, mzee. Hili la R ndilo jipya."

Jina hilo huko kwao linalindwa na sheria tangu 1938, eti usiligonge kwenye kisu au wembe ambao haukutengenezwa pale. Sheria haijafika Mtaa wa Msimbazi. Ila kinachonichekesha zaidi ni hiki: hao Wajerumani tunaoapa kwa jina lao, zamani wao ndio walikuwa wanaitwa feki. Mafundi wa Sheffield kule Uingereza walilia sana kwamba visu na nyembe za Solingen zinaingia sokoni zimegongwa mhuri wa Sheffield. Mwaka 1887 Waingereza wakatunga sheria, bidhaa ya nje iseme imetoka wapi. Yaani "Made in Germany" lilikuwa onyo kwa mnunuzi, jihadhari, hii ya bei chee! Leo unaliona mpaka kwenye pasi na sufuria zisizojua Ujerumani iko upande gani, na bei inapanda kwa sababu yake. Kwa hiyo yule kijana wa R nikamsamehe. Pengine anaanzisha ukoo.

Wenye akili wanasema masikini anunue mkongwe. Nikashuka Gerezani, kwa mzee mmoja anayetandika turubai chini: makufuli bila funguo, funguo bila makufuli, mabomba, fremu za miwani. Katikati umelala wembe wa Sheffield, mpini umepauka, chuma kina madoa ya kutu. Shilingi elfu thelathini.

Hapo mtu usiangalie mpini, hata uwe wa pembe ya nyati. Mpini haunyoi. Niliulaza wembe juu ya kipande cha kioo nione kama unacheza; ukicheza umepinda, achana nao. Kutu ya mgongoni haina neno, inasuguliwa. Kutu iliyokula tundu karibu na makali, hiyo hata uunoe namna gani mwisho makali yatamegeka. Nikaelekeza makali juu kwenye jua: wembe mzuri hapo hauonyeshi kitu, ukiona kinametameta pana pengo au ubutu. Halafu mgongo, ndiko penye siri yote. Ukinoa wembe wa namna hii unaulaza bapa kwenye jiwe, mgongo na makali vinagusa kwa pamoja, na unene wa mgongo ndio unaopanga makali yalale kwa pembe gani. Sasa kuna watu walinoa kwa nguvu mpaka wakaula mgongo, na pembe ikaenda nayo.

Mzee wa turubai akachoka kunisubiri. "Baba, unanunua au unaposa?"

Tukavutana, nikautoa kwa elfu kumi na nane. Nikatembea mpaka kituoni kifua mbele. Nani kasema mnyonge hanyoi kwa Sheffield?

Kumbe wembe ndiyo ilikuwa sehemu ya bei rahisi.

Wembe mkongwe haunyoi mpaka unolewe, na kinoo cha kisu cha jikoni hakitoshi. Linatakiwa jiwe la namba 1000 la kuyatengeneza makali, kisha la 4000, kisha la 8000 la kuyalainisha, na hilo la mwisho peke yake linaweza kuuzidi wembe bei. Sisi hapa tumelelewa kunoa kisu kwenye sakafu ya saruji au kitako cha bakuli! Shemeji akaniambia shida yote ya nini, mpe yule wa baiskeli anayepita akipiga kelele. Yule akikanyaga pedali jiwe linazunguka, cheche zinaruka hadi kwa jirani. Kwa panga, nampa mkono. Lakini wembe mwembamba ukipata moto ule chuma kinalegea, makali hayakai tena. Nilimkuta shemeji keshautoa mpaka getini, nikamnyang'anya kwa heshima zote za ukwe.

Jiwe nikaazima kwa fundi seremala anayenolea patasi zake, akaniuliza mara tano kama nitalirudisha. Ngozi ya kulainishia nilipata kwa fundi viatu, kipande cha ng'ombe, nikakigundisha kwenye ubao. Unavuta wembe mgongo ukitangulia, ukifika mwisho unaugeuza kwa mgongo, usiugeuze kwa makali la sivyo unachanja ngozi. Kabla ya hapo nilikuwa natumia mkanda wa suruali, na mama watoto akawa anauliza kwa nini asubuhi natembea nimejishika kiunoni.

Basi unanyoa. Povu jingi, wembe umelala, unafuata ndevu zilikoelekea wala huzirudii kinyume. Baadaye unapaka shabu, unapiga kelele moja. Vipele vimepungua, nisiseme uongo.

Ila nyumba imeshajua kuna wembe. Binti ananyemelea achongee penseli. Mama watoto anauhitaji kufumulia rasta, eti dakika mbili tu. Jumamosi jirani akaja, mtoto wao ametimiza arobaini, anaomba ule wembe mzuri wakamnyolee nywele. Nikamwelezea habari za mgongo, pembe na jiwe la 8000. Akanisikiliza kwa adabu, akasema, "Haya Baba Neema, tumekuelewa." Akavuka barabara kwa Mangi, akanunua wembe wa karatasi, wakamnyoa mtoto kichwa kizima. Kang'aa, hana hata mkwaruzo. Wakaniita kwenye pilau, nikaenda nimebandika vipande vya karatasi ya chooni shingoni, na babu wa mtoto akaniuliza kwa huruma ni kinyozi gani huyo niliyemwendea.