Kondoo Huyu Hauzwi

Mhazini wa kundi la familia ameamka leo na ujumbe mmoja tu, bila hata salamu: "Ndugu, bado tunadaiwa pauni sitini za jakuzi." Jakuzi! Mimi jakuzi lile sikutia hata kidole cha mguu. Walioingia wanajulikana, picha wamejipiga wenyewe, kofia za kuogea kichwani na mvua inawanyeshea. Lakini likija deni, sote ni familia.

Mlioko huku Uingereza mnajua safari hizi za familia zinavyoanza. Mtu mmoja anatupia picha ya nyumba ya kukodi iko mlimani, kijani kitupu, mashangazi wanamwaga makopakopa, na kabla hujauliza nani analipa umeshaandikwa kwenye orodha, wewe na gari lako. Ya ugawaji wa vyumba nayaacha. Ya yule aliyechangia "ahadi" nayaacha pia. Niseme tu kwamba mtu mzima mimi, na kitambi changu na heshima zangu, nililazwa kitanda cha juu, kile cha kupanda kwa ngazi.

Tulikwenda Welisi, yaani Wales, milima ya juu ya mji wa Bala, huko mkoa wa Gwynedd ambako Kiwelisi ndicho kinachoongewa dukani, kanisani na kwenye foleni ya petroli. Kila kona, lami imeandikwa ARAF kwa herufi nyeupe kubwa. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye alikuwa ameshika usukani wa gari langu, akauliza huyu Araf anagombea nini mpaka ajiandike barabara nzima. Kumbe maskini Araf alikuwa anamwambia apunguze mwendo. Hilo tutalifikia.

Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Marangu, kwa hiyo ile baridi iliyotutoa machozi sote yeye aliiona ya kawaida tu. Pale Bala akasikia habari za Mary Jones, binti aliyetembea pekupeku kilomita zaidi ya arobaini mwaka 1800 kuja kununua Biblia kwa mchungaji Thomas Charles. Basi. Kuanzia hapo kila aliyelalamika kwamba Wi-Fi haishiki alitajiwa Mary Jones.

Sasa nyama. Shemeji alikabidhiwa nyama, kazi hiyo moja tu. Tumefika, tumefungua boksi lake: mna mkaa, viberiti, chumvi, ndimu na pilipili. Nyama iko wapi? "Shem, chungulia dirishani." Nikachungulia. Kondoo. Welisi ina kondoo karibu mara tatu ya watu, na nadhani nusu yao walikuwa kwenye mlima ule. "Tutanunua hukohuko shambani," akasema, na mikono akaikung'uta kabisa.

Asubuhi yake, katika ile mvua isiyonyesha wala kukatika, tukamkuta mkulima amesimama getini na mbwa wake. Mzee wa watu, buti za mpira, uso mwekundu kwa upepo. Shemeji akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, kama inavyopasa. Mzee akajibu zote. Shemeji akaninong'oneza: "Huyu tumeshampata."

"Yule mwenye uso mweusi, unamtoa kwa ngapi?"

Mzee akasema kondoo hauzwi hapa. Akaeleza kwa upole: kila kondoo ana hereni ya namba sikioni, akihamishwa shamba lazima aandikiwe karatasi, na nyama ya kuuzia watu huchinjwa kwenye machinjio yenye kibali, si uani kwa mtu. Mimi nikaelewa. Shemeji naye akaelewa, kwamba bei itakuwa kubwa.

Maana mtu aliyejifunza biashara soko la Kiboriloni kule Moshi ukimwambia "hauzwi" yeye anasikia "ongeza kidogo." Akaanza kumponda mnyama. Kakonda huyu. Miguu mifupi. Sufu tupu hii, ukimnyoa hapa hubaki na kitu cha kujaza sahani. Mzee akamtazama kondoo, akamtazama Shemeji, akamtazama mbwa. Shemeji akataja hamsini. Kimya. Sitini. Mzee akasema jamani, si suala la hela.

Hapo Shemeji akatoa silaha ya mwisho: akaaga. Akageuka, akaanza kushuka kwa ule mwendo wa mtu anayengoja kuitwa. Mnaujua. Hatua tatu, akasimama kufunga kamba za buti lisilo na kamba. Hatua mbili, akatoa simu akaongea na mtu, na mtandao hakuna mlima mzima. Mimi nimebaki getini na mzee, tunamtazama anavyolowa.

"Anaumwa?" mzee akaniuliza.

"Hapana. Anasubiri umwite."

"Nimwite kwa nini?"

Swali hilo, ungekuwa wewe, ungelijibuje?

Mara akatokea Mama mkwe, kanga juu ya jaketi. Hakuomba njia wala hakuuliza bei. Palikuwa na kondoo mmoja aliyelelewa kwa chupa, haogopi watu. Akamshika mgongoni, nyuma ya mbavu, vidole vinabonyeza uti wa mgongo kutafuta mafuta. Mzee uso ukabadilika. Kumbe nao huwapima hivyohivyo. Akasema kitu kwa Kiwelisi. Mama akamjibu kwa Kichaga. Wakaendelea hivyo muda mrefu, wanatikisiana vichwa, wanaonyeshana kwato. Sijui walikubaliana nini, ila Mama aliondoka na trei ya mayai ya bure.

Lakini kabla hajaondoka, akaja mjukuu wa mzee, meno ya mbele hana, anamweleza babu yake jambo mbiombio kwa Kiwelisi. Mama akanigeukia.

"Baba Neema, mtoto huyu anaongea nini?"

"Lugha yao, Mama."

"Na yule mbwa naye anasemeshwa hiyohiyo?"

"Hiyohiyo, Mama."

Hakuongeza neno. Alinitazama tu.

Mbwa, jamani! Mbwa anaelewa lugha ya mwenye nyumba, na mimi usiku wake nimemwambia kijana wangu "niletee chumvi," kaniletea chaja. Sasa mniambie nifanye nini. Mimi Kiswahili naongea. Nagomba kwa Kiswahili, naomba dua kwa Kiswahili, najibiwa Kiingereza cha hapa Leicester. "Waongeleshe nyumbani." Nyumbani saa ngapi? Nikitoka zamu ya usiku wanakwenda shule, wakirudi nimelala. Yule mzee ana shule zinazosomesha kwa Kiwelisi, na mtoto mgeni akihamia Gwynedd kuna vituo vya kumfundisha lugha hiyo. Mimi kituo changu ni nani, Shemeji? Watu wale kijiji chao cha Capel Celyn, pamoja na kanisa, shule na posta, kilifunikwa na maji mwaka 1965 ili Liverpool ipate ya kunywa. Tumelipita bwawa lenyewe. Lugha bado wanayo. Ya kwangu imezamishwa na tableti ya ofa ya Krismasi. Na yule anayenishauri kila siku nimpeleke mtoto Tanga akakae na bibi yake, nauli alete yeye.

Nyama tulinunua bucha la Bala, pengine kondoo yuleyule, ila safari hii kwa bei ambayo Shemeji hakuthubutu kuiponda. King'ora cha moshi kiliimba tangu vitunguu vya pilau mpaka kachumbari, na kachumbari haipikwi. Mapipa ya taka yana masharti kuliko viza.

Na sasa kuna bahasha. Tangu Septemba 2023 huko Welisi, barabara nyingi za penye makazi ya watu mwendo ni maili 20 kwa saa. Kamera imelinasa gari langu, barua imekuja kwa jina langu, wanataka jina la dereva ndani ya siku 28. Nimemuuliza Shemeji faraghani, kwa staha. Kanijibu kwenye kundi, mashangazi wote wanasoma, kwamba anavyokumbuka yeye, siku ile aliyeshika usukani alikuwa Mama.

Mama mwenyewe kaweka dole gumba.