Panya mwenye virusi vya hanta: amepatana navyo au anavilipia?

Mahindi yakishapukuchuliwa huku Ismani, mkoani Iringa, kazi inayofuata ni kusafisha ghala. Jirani yangu, mama mtu mzima, hujifunga kanga puani na kushika ufagio mkavu. Vumbi la mavi ya panya hupanda hadi kwenye kenchi. Nilipomwambia panya wana virusi vinavyoua watu kupitia vumbi kama hilo, alicheka. "Mbona wenyewe wamenona, mwanangu?"

Swali lake si la kijinga. Katika vita vya Korea, askari zaidi ya 3,000 wa Umoja wa Mataifa waliugua homa iliyoharibu figo. Mwaka 1976 Ho Wang Lee, mtafiti wa Korea Kusini, alikuta chanzo chake kwenye mapafu ya panya wa mashambani, karibu na mto Hantan uliovipa virusi hivi jina la hanta. Panya wenyewe walionekana wazima.

Wengi hueleza hali hii kama suluhu. Panya hubaki na virusi pengine hadi kufa, akivitoa kwa mkojo na mate, ingawa damu yake ina kingamwili tele. Inasemekana seli T za udhibiti, yaani seli za kinga zinazozuia kinga isipite kiasi, ndizo zinazotuliza mambo, kama balozi wa nyumba kumi anayeamua ugomvi kabla nyumba haijabomoka. Binadamu hana bahati hiyo: kinga yake hupandwa na hasira, mishipa midogo ikavuja maji. Kwa virusi vya Sin Nombre, aina ya hanta vilivyogunduliwa Marekani mwaka 1993, theluthi hivi ya wagonjwa hufa.

Maelezo matamu, lakini yana tundu. Mwaka 2007 watafiti walizima seli hizo kwa panya wa kahawia waliopewa virusi vya Seoul, aina nyingine ya hanta. Virusi vikapungua mapafuni, na madhara ya mapafu nayo yakapungua. Sasa balozi yule alikuwa anamlinda panya, au mgeni wake? Huko Finland nako, panya wa misituni wenye virusi vya Puumala, hanta ya huko, walivuka majira ya baridi wachache kuliko wenzao wasio navyo. Suluhu gani hiyo yenye misiba?

Mimi naegemea upande huu wa pili, kwamba panya anavilipia. Panya wa maabara anakula ashibe, hana viroboto wala minyoo, na hakimbizwi na paka. Wa ghalani ana njaa, mimba na majeraha ya kugombana, na kinga ya namna hiyo ina mengi ya kugharimia. Hata hivyo siwatupi wa upande wa kwanza: virusi vinavyomuua mbebaji haraka hukosa pa kukaa.

Na hili halipo mbali nasi. Ndugu wa virusi hivi wamepatikana kwa kirukanjia wa milima ya Uluguru na Kilimanjaro. Homa ya mgunda, iliyoua watu 3 Lindi mwaka 2022, nayo ni ugonjwa ambao mkojo wa panya huusambaza, ingawa chanzo chake ni bakteria.

Wa dukani atakuuzia sumu. Panya wazee watakufa, nafasi zao zijazwe na vijana ambao hawajawahi kuambukizwa, na mzunguko uanze upya. Mimi nilimshauri mama afungue milango nusu saa, anyunyize maji yenye klorini, ndipo afagie.

"Sakafu ikilowa mahindi yataoza."

Nikamwambia afanye hivyo siku tatu kabla ya kuingiza magunia, jua likiwaka. Alikuna kichwa, akaenda kuchota ndoo moja.