Mpaka tunaoulilia sio uliovunjika

Muulize mtu leo alikuwa mtandaoni saa ngapi, atakushangaa. Saa ngapi hakuwapo? Mwanafalsafa Luciano Floridi alishadai kwamba swali hilo limepitwa na wakati, kwani maisha ya mtandaoni na ya nje yake yamekuwa kitu kimoja. Wanaompinga hushikilia mwili: mgonjwa hageuzwi kitandani na kioo cha simu. Kweli. Lakini mkopo uliochukuliwa kwa simu hulipwa kwa jasho, na tusi la kwenye kundi la WhatsApp humnyima mtu usingizi kitandani mwake. Hapo namuunga mkono Floridi.

Ila ubishi huo ulikuwa na jambo ambalo pande zote mbili hazikuona haja ya kulitaja: upande wa pili wa kioo yuko mtu. Akili unde (AI) imekuja kulitikisa hilo.

Dalili zilikuwapo zamani. Mwaka 1966, Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyochukua maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Haikuelewa chochote. Hata hivyo katibu wake, baada ya kuandikiana nayo kidogo, alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Tangu hapo bwana huyo akawa mkosoaji mkubwa wa fani yake mwenyewe.

Programu za leo zinazungumza vizuri mno kuliko ile. Mpweke wa saa nane za usiku anapata wa kumjibu, asiyechoka wala kusimanga. Siwezi kulibeza hilo. Aliyetulia ametulia, hata kama aliyemtuliza hayupo.

Kutokuwapo huko, hata hivyo, kuna gharama. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, alituma takriban dola milioni 200 za Hong Kong baada ya kikao cha video ambamo wenzake wote walikuwa sura na sauti za kughushi. Mwanzoni ujumbe alioupokea ulimtia shaka. Kuziona nyuso ndiko kulikomtoa shaka. Wapo wasemao utapeli ni ule ule wa barua na mihuri bandia. Sikubali. Barua ikitiliwa shaka, tulikwenda kumtazama mwenyewe usoni. Sasa uso nao unahitaji shahidi.

Kwa hiyo mpaka wa mtandaoni na nje nauacha uende. Ninaoutetea ni ule wa mtu na kisicho mtu, na sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2024, imeugusa: anayeongea na mashine aambiwe. Ni hatua nzuri, japo naiona fupi. Katibu wa Weizenbaum hakudanganywa na yeyote. Alimwona bosi wake akiiunda programu ile kwa miezi, na bado alitaka kubaki nayo faragha.