Ruzuku ya Filamu Itoke Kwenye Ving'amuzi

Natambua nia njema ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao huwawezesha wasanii wa Tanzania kwa mikopo inayopitia benki. Hata hivyo, naamini kwa dhati kwamba mkopo hautajenga tasnia ya filamu. Filamu ndefu iliyoandaliwa vizuri huweza kuchukua miaka miwili tangu muswada unapoandikwa hadi inapooneshwa, ilhali marejesho ya benki hayasubiri. Ndiyo maana mtayarishaji mwenye deni hukimbilia kurekodi hadithi nzima katika sebule moja ya kuazima, na maneno ya wahusika yakamezwa na mlio wa bodaboda inayopita nje, kwa kuwa fundi sauti mwenye vifaa vyake alikatwa kwenye bajeti mapema kabisa. Watazamaji husema waigizaji wetu hawana kipaji. Wanawaonea.

Ufaransa ilianzisha kituo chake cha taifa cha sinema, CNC, mwaka 1946, na hadi leo kila tiketi ya sinema inayouzwa nchini humo hutozwa asilimia 10.72 kwa ajili ya kituo hicho, hata kama filamu inayooneshwa ni ya Marekani. Kwa hiyo Mfaransa anayekwenda kutazama filamu ya Hollywood huwa anachangia filamu za kwao. Tangu mwaka 1959 upo pia utaratibu wa kumpa mtayarishaji fedha kwa kuupima muswada wake, naye huzirejesha kutokana na mapato ya filamu, si kwa kuuza kiwanja cha familia.

Sisi hatuna majumba mengi ya sinema, lakini tuna ving'amuzi, na kila mwezi familia nyingi hulipia vifurushi ili zitazame, pamoja na mengine, tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Sehemu ndogo ya malipo hayo, ikitengwa kisheria na kukatwa kwa kampuni badala ya kuongezwa kwenye bei ya kifurushi, ingetosha kuanzisha mfuko wa ruzuku. Wanaouliza kwa nini fedha ziende kwenye filamu wakati zahanati hazina dawa wana hoja nzito, ndiyo maana sipendekezi kugusa fungu la afya hata kidogo. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2013 serikali ilianza kutumia stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, kwa hiyo kukusanya fedha kutoka katika sanaa si jambo geni kwake.

Sharti langu moja ni kwamba mgawaji wa ruzuku asiwe Bodi ya Filamu. Bodi ndiyo inayokagua filamu na kutoa vibali kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1976, na mwandishi anayejua kwamba mkaguzi wake ndiye mfadhili wake ataanza kujikata ulimi tangu ukurasa wa kwanza. Miswada isomwe na jopo la waandishi, waongozaji na wahariri wanaobadilishwa kila baada ya muda, na majina ya waliopewa fedha, pamoja na kiasi walichopewa, yatangazwe hadharani.