Ibara ya 105 na kufuli la kura ya maoni

Machi 1979 ndege ya Libya iliyokuwa upande wa Idi Amin ilikuja kulipua matangi ya mafuta Mwanza, ikakosa shabaha, mabomu yakaua wanyama wa hifadhi. Kwa sisi wa kusini mwa ziwa, katiba ya Uganda haijawahi kuwa habari ya ng'ambo.

Katiba yao ya 1995 husifiwa kwa kushirikisha wananchi, na inastahili: Tume ya Jaji Benjamin Odoki ilipokea maoni zaidi ya 25,000, kisha wajumbe 284 wa Bunge la Katiba wakajadili rasimu. Lakini uhai wa katiba hupimwa kwenye sura ya marekebisho, kule mwishoni ambako wengi hawafiki.

Chukua ibara ya 105. Ibara ndogo ya kwanza inampa rais muhula wa miaka mitano. Ya pili, mstari unaofuata, ilimkataza kuzidi mihula miwili. Ya kwanza iliwekwa kwenye orodha ya yasiyoguswa bila kura ya maoni. Ya pili haikuwekwa. Theluthi mbili ya wabunge wote, muswada unaposomwa mara ya pili na ya tatu, ilitosha. Urefu wa muhula ukalindwa, idadi ya mihula ikaachwa wazi! Mwaka 2005 Bunge likaufuta ukomo huo. Kinachouma zaidi, Julai mwaka huohuo Waganda walipiga kura ya maoni kuhusu vyama vingi. Masanduku yalikuwa vituoni tayari. Swali la mihula halikuwamo. Mwaka 2017 ukomo wa umri wa miaka 75 nao ukaondolewa bungeni.

Wanaopinga kufuli gumu, yaani ibara kutoguswa bila kura ya maoni, wana hoja. Nchi iliyotoka vitani hukosea kwenye rasimu, kwa hiyo lazima iweze kujisahihisha. Kura ya maoni ni ghali, na mwenye dola anaweza kuishinda. Tena sheria ngumu huvunjwa: mwaka 1966 waziri mkuu Milton Obote aliitupa katiba ya uhuru, na wabunge wakapitisha mpya ambayo nakala zake walielekezwa kuzikuta kwenye visanduku vyao vya barua.

Ila mwaka 1966 yalihitajika majeshi, na kila mtu aliona katiba imevunjwa. Mwaka 2005 utaratibu ulifuatwa, hivyo hakuna aliyeweza kusema imevunjwa. Wanaodai kufuli hawataki kila ibara ifungwe. Mipaka ya wilaya na idadi ya wizara Bunge liamue. Vifungwe vichache: mihula, umri, na orodha yenyewe ya vilivyofungwa, maana isipofungwa, mtawala ataanza kwa kuifuta hiyo.