Stalin hakufunga Berlin kwa ukorofi tu
Mwandishi, kwenye makala yako unasema Stalin, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alifunga barabara na reli za kwenda Berlin Magharibi (upande wa jiji walioushika Wamarekani, Waingereza na Wafaransa baada ya vita, katikati ya eneo la Mrusi) Juni 1948 kwa ukorofi tu, hapana kaka, umeruka ishu ya hela. Wamarekani na wenzao walikuwa wameshaleta sarafu mpya, Deutsche Mark, kwenye maeneo yao ya Ujerumani, Mrusi akaona Ujerumani inagawanywa anaangalia. Ila kuwanyima watu milioni 2 chakula na makaa ya mawe ni ukatili, hapo simtetei hata kidogo. Na nyie mnaosifia peke yao marubani wa Marekani na Uingereza waliopeleka mizigo kwa ndege wakati njia zimefungwa, uwanja wa ndege wa Tegel wa kupokea mizigo hiyo walijenga Waberlin wenyewe, wengi kina mama, kwa miezi mitatu hivi, yaani miaka mitatu tu nyuma ndege za nchi hizohizo zilikuwa zinawamwagia mabomu, mi hapo ndo naguswa sana.