Kichanga akinyamaza, tusiharakishe kusema ametulia

Wageni wakipata ruhusa ya kuchungulia wodi yetu ya vichanga huku Pemba, hukimbilia kusifu ukimya. "Mashaallah, watoto wametulia." Mimi ni muuguzi wa wodi hiyo, na ukimya ndio unaonitia hofu kuliko kilio.

Mtoto aliyetimiza miezi yake, mwenye kilo tatu, ukimchoma kisigino kuchukua damu atapiga ukelele hadi walio barazani wageuke. Njiti wa wiki 28 hana nguvu hizo. Lakini mtazame uso. Nyusi zinakaribiana na nyama ya baina yake inatuna, macho yanafumbwa kwa nguvu, na mkunjo unaotoka puani kwenda pembeni mwa mdomo unazama. Vidole vinatanuka kama anatafuta pa kushika, kisha vinafumba. Mapigo yanapanda, oksijeni inashuka. Yote hayo yamekwisha kabla hujamaliza kubonyeza pamba. Anayesubiri sauti ndiyo ajue kuwa mtoto kaumia hatajua.

Ninachokidai ni hiki: maumivu ya kichanga mahututi, na kiwango cha usingizi anaotiwa na dawa, vipimwe na viandikwe kwa namba kila zamu, kama tunavyoandika joto na pumzi. Kisichoandikwa hakikabidhiwi. Wa zamu ya usiku atakuta mtoto kimya, naye atamwacha hivyo hivyo.

Wapo wanaodhani hili ni jambo la anasa, la nchi zenye nafasi. Historia inasema vingine. Hadi miaka ya 1980, Marekani na Ulaya kwenyewe walikuwepo vichanga waliopasuliwa wakiwa wamepewa dawa ya kulegeza misuli bila ya kuondoshewa maumivu ipasavyo, kwa imani kwamba mishipa yao ya fahamu haijakomaa kuhisi. Mwaka 1987 daktari Anand na wenzake wa Oxford walionesha kuwa njiti waliopewa fentanili, dawa kali ya kuondoa maumivu, wakati wa upasuaji miili yao ilipata mshituko mdogo zaidi na matatizo machache zaidi baada yake. Na bado kujua hakukutosha. Utafiti wa wodi za vichanga mahututi za Paris na viunga vyake, uliochapishwa 2008, ulifuatilia watoto 430 na kukuta kwamba nusu ya watoto walipitia mambo 10 au zaidi yenye maumivu kwa siku, na takriban asilimia 79 ya mambo hayo yalifanywa bila ya kinga maalumu ya maumivu. Hiyo ni Paris, wenye kila dawa kabatini. Shida haikuwa dawa peke yake.

Vipimo vipo, na havihitaji mashine mpya. Kimoja, NIPS, kinatazama uso, kilio, pumzi, mikono, miguu na kama mtoto ametulia au anahangaika, jumla alama 7. Kingine, N-PASS, ndicho ninachokipenda zaidi kwa sababu kinakwenda pande mbili: maumivu yanapanda kutoka 0 hadi 10, na usingizi wa dawa unateremka kutoka 0 kwenda chini ya sifuri, mpaka -10. Njiti mchanga sana huongezewa alama, maana inajulikana kuwa mwili wake hauna nguvu ya kuonesha. Usingizi haupimwi kwa kumwangalia kwa mbali. Lazima umguse uone anavyojibu.

Hapo ndipo penye jambo zito. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, akaja na degedege, hupewa fenobabitoni. Dawa hiyo kwa kichanga hukaa mwilini siku kadhaa. Analegea, hanyonyi, hafumbui macho, na mama aliyekaa pembeni na kanga yake begani anauliza swali ambalo kila mmoja wetu angepaswa kuliuliza: "Dada, mwanangu kalala au kalazwa na dawa?" Bila ya alama ya jana na ya asubuhi, nitamjibu nini? Na kuna ukimya wa tatu. Mtoto ambaye hajapewa dawa yoyote ya usingizi, na bado alama zake ziko chini ya sifuri, huenda amechoshwa na maumivu ya muda mrefu, au vimelea vimeingia kwenye damu, au ubongo umeumia. Huyo ni wa kumwita daktari sasa hivi.

Kupima kunatuzuia pia tusimimine dawa ovyo. Mofini, nayo dawa kali ya maumivu, inaweza kumzimisha mtoto pumzi, na utafiti mkubwa wa 2004 wa kuwawekea mofini ya mfululizo njiti waliokuwa kwenye mashine za kupumulia haukuonesha kuwapunguzia vifo wala kuvuja damu ubongoni. Kwa hiyo si kila mmoja apewe, wala si kila mmoja anyimwe.

Nitaambiwa wauguzi ni wachache. Ni kweli, na mimi nimo humo humo. Lakini kumtazama mtoto uso, mikono na miguu ni kazi ya dakika chache, na tayari tunasimama hapo kumpima joto.

Jambo linaloniuma zaidi ni lile la kumtoa mama nje sindano inapotaka kuingia. Tunafanya kwa wema, asione. Kumbe yeye ndiye dawa iliyo karibu. Mtoto aliyelazwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kikangaruu, au anayenyonya wakati anachomwa, huonesha maumivu machache zaidi. Kangaruu yenyewe ilianza Bogotá mwaka 1978 kwa uhaba wa vifaa, na utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, Tanzania ikiwa moja ya nchi tano zilizoshiriki, ulionesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya vichanga waliozaliwa na uzito mdogo kwa robo, ukilinganisha na kusubiri kwanza hali ya mtoto itengemae. (Bibi wanaoleta asali kwa sababu ni tamu, nawaomba sana: asali hapana kabla ya mwaka mmoja. Sukari ya kupunguza maumivu ni ile iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo hutolewa kwa kipimo na mhudumu.)

Basi wewe mama uliye wodini, ukimwona nesi anakuja na trei, mwambie: "Dada, naomba nimpakate." Kama mtoto hajaweza kunyonya, uliza kama anaruhusiwa matone ya maziwa yako kwenye ulimi. Kama hawezi kutolewa kitandani, nawa mikono, uweke mmoja kichwani, na kwa mwingine uikusanye miguu yake iliyokunjwa, bila ya kumpapasa. Ubaki hivyo mpaka uso wake ukunjuke, hata kama nesi ameshaondoka na trei yake.